Kitabu cha Mwaitu

"Nikuwekee na kitabu?" mwenye kibanda aliniuliza, upawa ukiwa hewani juu ya sufuria.

Hapa ni Namanga, mwezi uliopita. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi, begi langu katikati ya miguu, kama ninavyokaa karibu kila mahali. Tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kutulia. Nimeuza mitumba Voi, nimepika katika hoteli ya Kitale, nimekaa nyuma ya kaunta ya duka la dawa za mifugo Isiolo, na kila mji niliuacha siku nilipoona watu wameanza kunizoea. Lakini kuna harufu moja ambayo huwa inafika kabla yangu. Kila soko lina kibanda, na kila kibanda kina sufuria ya matumbo inayochemka.

"Hapana," nikamwambia. "Hiyo ya kitabu usiweke."

"Na ndiyo tamu!" akasema, akanitazama kama mtu aliyekosa adabu.

Kwa asiyejua, kitabu ni ile sehemu ya tumbo la ng'ombe iliyojaa kurasa. Ukiipasua unakuta ngozi nyembamba zimelaliana moja juu ya nyingine, nyingi mno, zimeshikana upande mmoja kama zilizotiwa uzi. Wachinjaji wanaiita hivyo, wapishi wanaiita hivyo. Nilikula supu yangu bila kitabu, na kila kijiko kilinirudisha nyumbani.

Mama yangu nilimwita Mwaitu, kama watoto wengi wa Ukambani wanavyomwita mama. Alikuwa mwoshaji wa matumbo katika kichinjio cha soko letu, upande wa Mwala, kichinjio ambacho kila mtu alikiita slota. Walikuwa wanawake wanne, na kila mmoja alikuwa na jiwe lake la kukalia nyuma ya jengo, pale maji yaliposhushwa kutoka kwa mkokoteni wa punda. Tumbo lilitolewa likiwa bado linafuka mvuke. Walilipasua, wakamwaga ile nyasi ya kijani iliyolainika, wakaligeuza ndani nje, wakalimwagia maji moto, kisha wakalikwangua kwa kisu mpaka likawa jeupe. Mwaitu alikuwa na kisu chembamba kwa sababu ya kunolewa miaka mingi. Hakuna aliyeruhusiwa kukata nacho hata kitunguu.

Nyumbani, kwenye dirisha, alikuwa na kopo kuukuu. Ndani yake aliweka vitu alivyovikuta katika lile tumbo dogo lenye vyumba kama sega la nyuki: misumari, vipande vya waya, sindano ya kushonea magunia, siku moja ufunguo wa kufuli. Nilipokuwa mdogo nilivimwaga kwenye mkeka na kuvipanga. Nilifikiri ng'ombe ni aina ya sanduku, na kwamba mama yangu ndiye pekee aliyepewa ruhusa ya kulifungua. Wakati huo nilimwona kuwa mtu mkubwa sana.

Nilipoingia darasa la saba nilihamishwa shule. Mwaitu alikuwa amesikia kwamba shule ya juu, kule mlimani, inafaulisha watoto, basi akaamua niende huko, mwendo wa saa nzima kwa miguu. Siku ya kuandikishwa nilipelekwa na mjomba, kwa sababu asubuhi ndiyo kazi ya slota. Kwa hiyo hakuna mtu kule aliyemjua mama yangu. Nililigundua hilo wiki ya kwanza, msichana niliyekaa naye dawati moja, Ndunge, aliponiuliza, "Mama yako anafanya nini?"

"Anafanya kazi ya kuandika," nikasema. "Ofisini, Machakos."

Lilitoka lenyewe. Baada ya hapo ilibidi nilitunze, na uwongo wa aina hiyo unataka kulishwa kila siku. Nilimpa mama yangu wa ofisini viatu vya visigino na mkoba. Nilimpa mpaka kalamu ya rangi tatu.

Muhula ule mwalimu wa sayansi, Mwalimu Mutua, alitufundisha habari za ngozi. Alisema ngozi ina vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na kupitia hivyo mwili hutoa takataka zake pamoja na jasho. Wenzangu waliandika na kusahau. Mimi nilirudi nyumbani na tatizo. Kama ngozi ina vitundu, na Mwaitu anashinda na mikono ndani ya matumbo, basi matumbo yanaingia. Na kama yanaingia, yanatoka na jasho. Na mimi ninalala naye kitanda kimoja! Nikaanza kulala chini, kwenye mkeka. Nilimwambia kuna joto. Nikatafuta kikombe changu mwenyewe. Asubuhi nilijisugua kwa sabuni ya kipande mpaka viwiko vikawaka, nikainua mkono puani, na kila mara nilihisi ninamnusa yeye.

Halafu kulikuwa na kibao. Nyinyi mliosoma enzi zetu hamkukisahau. Aliyepatikana akisema Kikamba alivishwa kipande cha mbao chenye kamba shingoni, akatembea nacho mpaka amnase mwingine. Mimi sikukivaa hata siku moja, kwa sababu nilikiogopa mpaka nikakibeba nyumbani bila kukivaa. Mwaitu alinisemesha Kikamba, nami nikamjibu kwa Kiswahili. Mwanzoni alicheka. "Haya, mwalimu wangu amerudi," alisema nikifika, akafuta kigoda kwa upindo wa leso ili mwalimu akae. Baadaye akaanza kujaribu kunijibu kwa Kiswahili hicho hicho, pole pole, Kiswahili chake cha sokoni na cha slota. Hakuwa na kingine.

Tukafika kwenye somo la wanyama wanaocheua. Mwalimu Mutua alichora ubaoni vipulizo vinne, kama maputo, vilivyounganishwa kwa mirija, akatuimbisha: rumeni, retikulamu, omasamu, abomasamu. Tuliimba huku tukigonga madawati. Maneno yale yalikuwa matamu mdomoni, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua ni vitu gani. Kengele ilipolia akasema kwamba amechoka kuona watu watano wakichungulia kitabu kimoja. Kesho kila mtu aje na kitabu chake cha sayansi, na asiye nacho asikanyage darasa.

Jioni nilimkuta Mwaitu akichambua maharagwe mlangoni.

"Mwalimu anataka kitabu," nikamwambia, nimesimama mbali kidogo, upande ambao upepo haukutokea kwake. "Tunasoma tumbo ya ng'ombe. Kesho kila mtu awe na kitabu."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo. "Kitabu?"

"Kitabu, ndio. Hakuna kitabu, hakuna kuingia."

"Ya ng'ombe?"

"Si nimesema, ya ng'ombe!"

Akafikiri. "Nzima ama kipande?"

Nilidhani anataka nikaazime tena kile cha mjomba, kilichochanika katikati kikabaki nusu. "Nzima," nikasema kwa dharau. "Nani anasoma na kipande?"

"Na wanaingia saa ngapi hiyo somo?"

"Baada ya mapumziko."

"Kesho ni siku ya soko," akasema, akarudia maharagwe yake. "Itapatikana."

Siku ya soko kulikuwa na mzee aliyetandika gunia na kupanga juu yake vitabu vilivyotumika. Basi nilielewa nilivyotaka kuelewa. Kwa Kikamba kitabu cha kusoma ni ivuku. Mwaitu hakuwahi kukiita jina jingine. Biblia aliyobeba kanisani ilikuwa ivuku, madaftari yangu yalikuwa mavuku. Kitabu lilikuwa neno la slota. Ningetamka neno moja tu la kwetu, pale mlangoni, ambapo hapakuwa na mtu wa kunivisha kibao, na haya mengine yote yasingetokea.

Asubuhi nilimwambia Ndunge, "Mama ananiletea kitabu leo. Kipya. Bado kinanukia duka."

"Atatoka ofisini?" akauliza.

"Atamtuma mtu," nikasema haraka.

Tulikuwa katikati ya ule wimbo wetu, tumefika omasamu, mlango ulipogongwa. Alikuwa amesimama pale na beseni kichwani, limefunikwa kitambaa cheupe cha mezani, kile cha Krismasi. Alikuwa bado amevaa gambuti za slota, zile buti ndefu za mpira, lakini alikuwa amezisugua zikang'aa, na magotini maji yalikuwa hayajakauka. Alikuwa amepanda ule mlima wote na beseni.

"Hodi, mwalimu. Habari ya kazi? Nimeleta kitabu."

"Karibu, mama," Mwalimu Mutua akasema. "Kitabu gani?"

Akashusha beseni mezani, juu ya madaftari yetu ya kusahihishwa, akafunua kitambaa. Ndani kulikuwa na kitabu kizima, kikubwa kama kichwa cha mtoto, kimeoshwa mpaka kimekuwa cha rangi ya maziwa. Sijawahi kuona kilichooshwa vizuri namna ile, kabla wala baada. Pembeni yake alikuwa amepanga kipande cha kila tumbo lingine.

Kicheko kilianzia madawati ya nyuma. "Woi! Kitabu ya supu!"

"Mwalimu, tufungue ukurasa wa ngapi?"

"Ndunge, soma kwa sauti, basi!"

"Siwezi, imeandikwa na mavi!" Ndunge akasema, na darasa zima likalipuka.

Mwalimu Mutua aligonga meza kwa kifutio mpaka vumbi la chaki likamfunika. "Nyamazeni! Nyamazeni, ninyi!" Kisha akamgeukia kwa upole. "Mama, samahani. Wewe ni mama ya nani hapa?"

Mwaitu aliangaza macho darasani. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la mtu anayemtafuta wake katikati ya watu. Alinipata safu ya tatu, karibu na dirisha. Tulitazamana.

Nimekwenda mbali sana na lile dawati, na bado sijui kuutaja vizuri ule muda. Haukuzidi pumzi mbili. Ningeweza kusema niliganda, kwamba nilikuwa mtoto, kwamba ulimi ulikwama. Sikuganda. Nilifanya kitu. Niligeuka kwa Ndunge, nikafunika pua kwa mkono, nikacheka. Nilicheka kwa nguvu kuliko wote.

Nilipotazama tena mbele, tabasamu lake lilikuwa bado lipo, ila halikuwa na mtu ndani.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Mimi sina mtoto hapa. Nilisikia tu kwa watu ati huku munasoma tumbo ya ng'ombe. Nikaona nisaidie."

Mwalimu Mutua aliangalia beseni, akaangalia vipulizo vyake ubaoni. Alikuwa mtu wa haki. Nafikiri alikuwa amefundisha somo lile miaka mingi bila kuona kitu chenyewe kikiwa wazi. Akaweka chaki chini. "Kama una nafasi, mama, tuonyeshe."

Mwaitu akatoa kile kisu chake kwenye leso.

Alifundisha kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kikamba, na hakuna aliyethubutu kumletea kibao. "Ng'ombe ni mtu wa haraka," alisema. "Akiwa malishoni hatafuni. Anameza tu, anaweka hapa, hii kubwa iko na manyoya kama taulo. Hapa nyasi inakaa, inachacha kama uji. Sasa akienda kivulini, akilala, anairudisha kwa mdomo pole pole, anatafuna vizuri. Ukimwona anatafuna na hakuna nyasi, ni ile ya asubuhi."

"Anatapika?" mtu akauliza.

"Wewe ukitapika unalia. Yeye anasikia utamu." Wakacheka, lakini sasa walicheka pamoja naye.

Alifungua kitabu ukurasa mmoja mmoja kwa kidole gumba, kama anavyofungua mtu anayetafuta mahali alipoachia. "Hapa nyasi inafika na maji mingi. Inapita katikati ya hizi, inakamuliwa kama nguo. Maji inaenda kwa mwili. Inayobaki inashuka hapa ya mwisho, hii yenye uchachu. Hii ndio kama tumbo yako na yangu."

"Omasamu inafyonza maji," Mwalimu Mutua alisema taratibu, akafuta vipulizo vyake vyote na kuanza kuchora upya, akimwangalia yeye.

Kisha Mwaitu akainua kile kipande chenye vyumba kama sega. "Na hii musisahau. Mbuzi anachagua na mdomo. Ng'ombe hachagui. Akimeza msumari, msumari haushuki na haurudi. Unakaa hapa. Anatembea nao, anazaa nao, anatoa maziwa, na wewe mwenyewe hujui ako na kitu. Mimi ndio najua, siku ya mwisho."

Hakunitazama aliposema hivyo. Hakunitazama tena hata mara moja.

"Mpigieni mama makofi," mwalimu akasema. Darasa likapiga makofi. Nami nilipiga. Nilimpigia mama yangu makofi kama anavyopigiwa mgeni, na Ndunge akaniegemea akasema, "Huyu mama ni moto, ama?" Nikajibu, "Ni moto." Nilimsikiliza akishuka ngazi ya darasa na gambuti zake, na beseni tupu. Kitabu alimwachia mwalimu.

Siku hiyo hakuna aliyerudishwa nyumbani kwa kukosa kitabu. Mwalimu alisahau kuuliza.

Nilichelewa kurudi makusudi. Nilijua nitachapwa, na njiani nilikuwa nimeshachagua fimbo, nikitaka iwe kubwa. Nilimkuta ameoga, amevaa gauni la kanisani siku ya kazi. Gambuti zilikuwa nje, nyuma ya choo, mahali ambapo hazikuwahi kukaa. Alinipakulia githeri, akangoja nimalize kula.

"Sasa mwalimu hatakurudisha?" akauliza.

"Hapana."

"Basi ni sawa."

Hakusema lingine, sio usiku ule, sio baadaye. Lakini aliniuliza kwa Kiswahili. Na tangu siku ile Mwaitu hakunisemesha Kikamba tena. Sikuligundua mara moja. Nilifikiri ameshika tu mchezo wangu. Ni baada ya wiki nyingi ndipo nilipomsikia akiongea na jirani ng'ambo ya ua, akitania, sauti ikipanda na kushuka na kuvuta maneno, kisha akaingia ndani na kuniambia, "Chai iko tayari," kwa ile sauti nyembamba ya mtu anayezungumza na karani. Nikaelewa kwamba kuna mama ambaye sitampata tena, na kwamba huyu niliyebaki naye ni yule niliyemwomba.

Nilirudi kulala kitandani. Alisogea ukutani kunipisha, akisogea zaidi ya ilivyohitajika.

Mtihani wa darasa la nane ulikuwa na swali la tumbo la ng'ombe. Nililipata. Nikaenda sekondari, nikamaliza, nikaanza kuzunguka. Nilimpigia simu kutoka kila mji. "Habari ya huko?" aliniuliza. "Nzuri. Na ya huko?" "Huku ni kuzuri." Mara mbili nilianza kwa Kikamba. Aliniacha niseme, kisha akanijibu kwa Kiswahili, si kwa hasira. Alikuwa ananitunzia heshima yangu, bado.

Mwaka jana tulimzika. Siku ya pili baada ya maziko niliteremka slota kuchukua kisu chake na gambuti. Mahali penyewe pamejengewa sakafu ya saruji na bomba la maji, lakini yale mawe manne hawakuyaondoa. Wawili kati ya waliokaa pale ni wasichana ambao sikuwajua. Wa tatu alikuwa Mama Kalekye, aliyefanya kazi na mama tangu nikiwa mgongoni, sasa hana meno ya mbele, na vidole vyake vimejikunja kwa sababu ya maji moto.

Alinitazama. Kisha akawageukia wasichana.

"Ni huyu," akawaambia kwa Kikamba. "Ni ule wa shule."

"Ule alisimama?" mmoja akauliza, akafuta mikono kwenye aproni ili anisalimie vizuri.

Nikamwuliza Mama Kalekye wanazungumza habari gani.

"Kwani hujui? Mama yako ametuambia hiyo mpaka tukaijua kama Baba Yetu." Akaweka tumbo chini ili apate mikono yote miwili ya kusimulia. "Siku alipeleka kitabu shuleni kwenu, watoto wakamcheka, wakamcheka. Mwalimu akauliza, huyu ni mama ya nani? Halafu wewe ukasimama, huko nyuma, kadogo hivi. Ukasema, 'Ni wangu.' Kwa Kikamba! Mbele ya mwalimu!" Akacheka mpaka akakohoa. "Akifika hapo alikuwa anaacha kisu kabisa. Tulikuwa tunamwambia, mama, kazi. Anasema, ngojeni nimalize, huyu mtoto wangu alisimama."

Wasichana walikuwa wananitazama na kutabasamu.

"Si ni wewe?" Mama Kalekye akauliza. "Ama alikuwa na mtoto mwingine?"

Hakuwa na mwingine.

"Ni mimi," nikasema kwa Kikamba.

"Unaona!" akawaambia wenzake. Jiwe la Mwaitu lilikuwa tupu kati yao, limelainika katikati kwa kukaliwa. Juu yake walikuwa wameweka kisu chake, kimefungwa kwenye kitambaa. Mama Kalekye alikiinua, akanipa, akalipangusa lile jiwe kwa kiganja chake chenye maji, kama unavyompangusia mtu wa heshima kigoda.

"Kaa basi," akasema. "Hapa ni pako."

Sikuweza kukaa. Nilisimama tu.